Shajara ya mradi: sayari kubwa na nyotamkia kwenye grafu moja ya sumaku

Jumamosi, 8 Februari 2025: naanza

Huu mradi nimeuahirisha toka mwaka jana, sa hivi naanza kweli. Naandika hapa ili mtu akitaka kurudia asitumbukie kwenye mashimo niliyotumbukia mimi, na pia kwa sababu nikiandika najigundua mjinga mapema kabla sijafika mbali.

Wazo ni hili: ukurasa mmoja unaoweka pamoja mazingira ya sumaku na plazma ya sayari nne kubwa, yaani Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni, pamoja na nyotamkia mbili, Halley na 67P/Churyumov-Gerasimenko. Data ni za bure, za sayari ziko kwenye hifadhi ya NASA inayoitwa Planetary Data System na za vyombo vya Ulaya, Rosetta (67P) na Giotto (Halley), ziko kwenye hifadhi ya ESA, shirika la anga la Ulaya. Hela haitumiki, kinachotumika ni muda na diski, na hizo ndo gharama nitakazokuwa naziandika.

Kwa asiyezoea, plazma ni gesi ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni kwa hiyo inasikia sumaku. Upepo wa Jua ni plazma inayokwenda kama km 400 kwa sekunde na inabeba uga wa sumaku wa Jua. Sayari kubwa inasimama mbele ya huo upepo na sumaku yake yenyewe inayotengenezwa ndani, ya Mshtarii kwa jumla ina nguvu kama mara 20,000 ya Dunia. Nyotamkia haina kitu hicho. Philae, kile chombo kidogo kilichobebwa na Rosetta, alipotua 67P Novemba 2014 alidunda dunda badala ya kutulia, na ile ajali ikawa bahati kwa sababu magnetometa yake (kifaa cha kupima sumaku) ilipima juu, chini, juu, chini, na haikuona kiini chenye sumaku kabisa. Nyotamkia inausimamisha upepo kwa gesi: barafu inapata joto, gesi inatoka, mwanga wa Jua unaivua elektroni, zile ioni mpya zinadandia upepo na upepo unakuwa kama mtu anayekimbia huku anaongezewa mizigo mgongoni. Mistari ya sumaku inakwama mbele na kujikunja pembeni, kama shuka iliyotundikwa kwenye msumari. Mwanafizikia Hannes Alfvén alieleza hivyo mwaka 1957, na miaka sita kabla yake mwenzake Ludwig Biermann alikuwa ameangalia mikia ya nyotamkia akasema lazima kuna kitu kinavuma kutoka kwenye Jua muda wote. Yaani nyotamkia zilitujulisha upepo wa Jua kabla hatujarusha hata chombo kimoja.

Ninachotarajia kuonyesha: tofauti kubwa ni nguvu ya uga, sayari nyingi, nyotamkia kidogo, basi. Naandika hapa ili nisije nikajifanya nilijua.

Jumapili, 16 Februari: GB 70 za upuuzi

Wiki nzima imeenda kwenye kudaunlodi. Juno, chombo cha NASA kilichopelekwa Mshtarii, anapima uga mara 64 kwa sekunde akiwa karibu na Mshtarii, na mimi kwa tamaa nikachukua faili za kasi kamili za obiti kadhaa. GB 70, siku tatu, laptopu inapuliza feni usiku kucha. Alafu nikasoma maelezo ya folda (ambayo ningesoma kwanza) nikakuta kuna faili za wastani wa sekunde 60 ambazo kwa kazi yangu zinatosha na kubaki. Nimefuta zote. Ukirudia hii kazi soma faili la maelezo kabla hujagusa kitufe, mengine utajua mbele ya safari.

Nyingine nilizochukua ni za vyombo hivi: Cassini kwa Zohali, Voyager 2 kwa Uranus (alipita 24 Januari 1986) na Neptuni (25 Agosti 1989), Giotto kwa Halley (usiku wa kuamkia 14 Machi 1986) na Rosetta kwa 67P kuanzia Agosti 2014 mpaka 30 Septemba 2016. Zote zimesomeka kwenye Python isipokuwa moja iliyokuwa na safuwima zilizohama, nilirekebisha kwa mkono.

22 Februari: namba ya kujazia

Kwa muda kama wa saa mbili niliamini nimegundua kitu. Grafu ya Voyager ilikuwa na milima iliyonyooka kama misumari, uga unapanda ghafla mpaka juu kabisa alafu unashuka. Kumbe pale ambapo hakuna kipimo faili linawekewa tisa nyingi, 999 na kuendelea, kama alama ya "hapa hakuna kitu", na mimi nilikuwa nazipigia wastani na vipimo halali. Kosa la kila mtu, ila lina ubaya wake: ukipiga wastani wa vipimo mia huku namba moja tu ya kujazia ikiwemo, haupati mlima wa kuchekesha, unapata mlima mdogo unaofanana na kweli. Kwa hiyo safisha kabla ya wastani, isiwe baada.

9 Machi: fomula ya kwenye karatasi imekosea, na imekosea vizuri

Hii ndo hatua niliyoifurahia zaidi mpaka sasa. Nilitaka kujua kila sayari mpaka wa magnetosfia yake (eneo linalotawaliwa na sumaku yake) uko wapi upande wa Jua, ile sehemu sumaku ya sayari na msukumo wa upepo vinapolingana. Hesabu yake ni rahisi, shinikizo la upepo upande mmoja, shinikizo la sumaku upande wa pili, uga unapungua kwa mchemraba wa umbali, unatoa kipeuo cha sita na kazi imeisha. Upepo nimeuchukulia wa kawaida, protoni 5 kwa kila sentimita ya ujazo kwenye umbali wa Dunia, alafu zinapungua kwa mraba wa umbali. Nitaandika NK kumaanisha nusu kipenyo cha sayari yenyewe.

Karatasi inasema Mshtarii NK 42, Zohali NK 19, Uranus NK 25, Neptuni NK 24.

Vyombo vinasema Mshtarii mpaka unapendelea kukaa sehemu mbili, kama NK 63 na kama NK 92. Zohali hivyo hivyo, kama NK 22 na NK 27. Uranus NK 18. Neptuni NK 26.5.

Neptuni karibu sawa, nashukuru. Mshtarii nimekosea karibu nusu, na mwanzo nilihangaika kutafuta kosa kwenye vipimo, nikabadilisha gauss kwenda tesla mara tatu, jioni nzima. Hakuna kosa. Fomula inachukulia ndani ya magnetosfia kuna sumaku tupu wakati ndani ya Mshtarii kuna mwezi wake wa volkano, Io, anayetapika kama tani moja ya salfa na oksijeni kila sekunde, inageuka plazma, inazungushwa na sayari inayomaliza siku kwa chini ya saa 10, inatanuka kama sahani na kusukuma mpaka nje. Mpira uliojazwa pumzi haubonyei kama mpira wenye ganda tu. Zohali naye ana mwezi wake Enceladus anayerusha maji kilo mia mbili tatu hivi kwa sekunde, ndo maana naye kazidi karatasi lakini kidogo.

Uranus kaenda kinyume, kapungua. Hapo jibu limetoka juzi juzi tu, Novemba 2024, watafiti walirudi kwenye data za Voyager 2 za kabla ya kufika wakakuta upepo wa Jua ulikuwa umeongezeka msukumo kama mara 20 siku chache kabla. Yaani tulimpiga picha Uranus mara moja tu katika historia na tukampiga siku amekandamizwa ukutani, alafu miaka karibu 40 vitabu vinasema ndivyo alivyo.

Nimeiacha fomula kwenye grafu kama mstari wa vitone. Umbali kati ya kitone na kipimo una habari zaidi kuliko kipimo peke yake.

23 Machi: mkia wa Uranus unaangalia Jua

Nilichora njia ya Voyager 2 pale Uranus na mishale ya uga juu yake. Ikatoka picha safi ya rangi ambayo mkia wa magnetosfia umeelekea kwenye Jua. Nilikaa naiangalia kama dakika kumi najishawishi kwamba labda Uranus ni wa ajabu hivyo, maana ni wa ajabu kweli, kalala ubavu na sumaku yake imeinama nyuzi 59 toka kwenye mhimili wa kuzunguka, tena haipiti katikati ya sayari.

Hapana. Mhimili wa kwanza kwenye data za Voyager unaelekea mbali na Jua, na kwenye data za Rosetta X inaelekea kwenye Jua. Mimi nilivipachika jina moja, "x", nikaendelea na maisha. Sasa kila safuwima kwenye programu yangu ina jina refu linalosema inaelekea wapi, inachosha kuandika ila sijarudia kosa.

Nikiwa hapo nikaenda kutafuta ile plazmoidi ya Uranus. Kwa asiyeijua: mwaka 2020 NASA walitangaza kwamba watafiti wake wawili walifungua data za 1986 upya wakakuta bonge la plazma linalong'oka kwenye mkia wa sayari, dalili yake ilidumu kama sekunde 60 tu katika safari ya saa 45. Mimi nilitumia faili za wastani wa sekunde 48. Unajua kilichotokea, sekunde 60 kwenye wastani wa 48 ni kitone kimoja, kwa bahati viwili. Hakuna kitu. Kuna faili za sekunde 1.92, nikazichukua, na pale pale likaonekana, uga unapanda, unageuka alama toka chanya kwenda hasi, unarudi. Kitu kilikaa kwenye hifadhi zaidi ya miaka 30 wazi kwa kila mtu. Nimeliwekea alama nyekundu kwenye grafu ingawa halihitajiki, nimelipenda tu.

12 Aprili: sekunde 55 za Halley

Wiki mbili na nusu. Hili ndo shimo refu kuliko yote kwa hiyo naliandika polepole.

Giotto alipita km 596 toka kwenye kiini cha Halley kwa mwendo wa km 68.4 kwa sekunde. Kwa mwendo huo njia yake ni mstari ulionyooka, uvutano wa kiini haufanyi kitu, kwa hiyo sikuhitaji programu kubwa ya obiti, nilihitaji saa ya kukaribia kabisa na Pythagoras. Saa yenyewe inajulikana, dakika 3 na sekunde 2 baada ya saa sita usiku, saa za UTC, yaani saa rasmi za kimataifa.

Nilichokuwa natafuta ni tundu. Karibu na kiini gesi inayotoka ni nzito kiasi kwamba inausukuma uga wa Jua nje kabisa, unabaki uwazi usio na sumaku kuzunguka kiini. Giotto alilikuta: uga unapanda mpaka karibu nT 60 (nanotesla, kipimo cha nguvu ya uga), unajirundika kama foleni, alafu ghafla sifuri. Mpaka uko elfu nne na kitu ya kilomita toka kwenye kiini, ukiingia na ukitoka.

Kwangu mimi tundu lilianza zaidi ya km 8,000 upande mmoja na upande wa pili likaishia karibu kuguguna kiini. Yai lililopasuka.

Kwanza nikalaumu vumbi. Kuna sababu, Giotto aligongwa na chembe sekunde chache kabla ya kukaribia kabisa, akayumba, na data zikawa zinakatika katika kwa nusu saa. Nikatafuta vipande vilivyopotea, nikavipata, nikavijaza, yai liko pale pale. Alafu nikalaumu mwendo, nikabadilisha kasi, nikabadilisha pembe. Nikalaumu safari ya ishara mpaka Dunia, maana kutoka kule ishara ilichukua kama dakika 8 na baadhi ya makala zinatoa saa ya kupokea Duniani, lakini dakika 8 kwa km 68 kwa sekunde ni zaidi ya km 30,000, kosa langu lilikuwa dogo kuliko hilo.

Mwishowe nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza, nikapima hilo kosa. Tundu limehama km 3,770 hivi. Gawanya kwa 68.4. Sekunde 55.

Sekunde 55.184 kwa usahihi, na mtu aliyewahi kufanya hizi kazi ameshacheka. Saa za data nilizigeuza kuwa sekunde kwa kutoa tu tarehe, UTC kwa UTC. Ile saa ya kukaribia kabisa niliigeuza kwa SPICE, programu ya NASA ya kuhesabu mahali vyombo na sayari zilipo, ambayo inahesabu kwa saa ya sayari, sio UTC, na Machi 1986 tofauti ya hizo saa mbili ilikuwa sekunde 32.184 za kudumu jumlisha sekunde 23 ambazo UTC ilikuwa imebaki nyuma ya saa za atomu. Kwa chombo cha polepole usingeona. Kwa Uranus sikuona, kwa sababu km elfu moja pale ni uzi. Kwa Giotto ni upana wa nyumba nzima.

Dawa: saa moja tu kwenye programu nzima, kila kitu kinapita mlango mmoja wa kugeuza. Na usiiweke hiyo 55 kwa mkono, kwa Neptuni 1989 ni 56.184, kwa Rosetta Julai 2015 ni 68.184.

Tundu sasa liko duara. Nimepata amani.

3 Mei: Rosetta, chombo kinachotembea kwa miguu

Nilirudia mbinu ile ile ya Giotto kwa 67P: umbali kwenye mhimili wa chini, uga kwenye mhimili wa juu. Ikatoka michoro ya mtoto wa miaka miwili aliyepewa kalamu.

Tatizo halikuwa programu. Giotto alikata mazingira ya Halley kwa kisu, saa chache tu, kila kitu kikiwa kimetulia. Rosetta alikaa na 67P miaka miwili akitembea kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetoka matembezi ya jioni. Sasa Rosetta alikuta tundu lisilo na sumaku kwa mara ya kwanza 26 Julai 2015, km 170 toka kwenye kiini, na baada ya hapo likaonekana mara karibu 700, mara nyingine kwa sekunde chache. Kwa mita moja kwa sekunde, huwezi kuingia na kutoka kwenye kitu cha kilomita mia kwa sekunde chache. Sio chombo kinachoingia tundu, ni tundu linalokuja kumpitia chombo na kurudi, mpaka wake unapumua na kucheza muda wote. Kwa hiyo kumwekea Rosetta umbali kwenye mhimili ni kumpiga picha mtoto anayekimbia alafu kulalamika ana vichwa vitano. Nimebadilisha, Rosetta amepata mhimili wa muda, na chini yake umbali wa 67P toka kwenye Jua, ambao ulikuwa mdogo kabisa 13 Agosti 2015.

Kosa la pili pale pale: ndani ya tundu uga wangu haukuwa sifuri. Ulikuwa nT kadhaa, umetulia kama meza. Magnetometa za Rosetta zilikuwa kwenye mkono wa mita 1.5 tu, kwa hiyo chombo chenyewe chenye nyaya na hita zake kilikuwa kinapiga kelele za sumaku masikioni mwao, na sifuri ya kipimo ilikuwa inahama kwa joto. Hapa dawa ni tamu, maana tundu lenyewe ndo rula. Uga ukiwa umetulia kabisa na umefanana kila mara unapoingia, basi hicho unachosoma ni chombo, kitoe. Nilitoa kwa kila mhimili peke yake na katikati ya matundu nikavuta mstari. Nje ya miezi yenye matundu sina rula, kwa hiyo huko nimechora kwa rangi hafifu.

Gharama ya mwezi huu: jioni tisa, na grafu iliyokuwa moja sasa ni mbili.

25 Mei: nafuta nilichosema, namba 18

Wiki mbili zilizopita nilimwonyesha rafiki yangu matokeo na nikamwambia kwa kujiamini kwamba 67P ni magnetosfia ndogo, toleo la mfukoni la Halley. Msingi wangu ulikuwa hesabu hii: ioni mpya ikidandia upepo wa Jua inazunguka mstari wa sumaku kwa duara, na nusu kipenyo cha hilo duara ni uzito mara kasi gawanya kwa chaji mara uga. Kasi km 400, uga nT 5, nikapata km 830. Kubwa, lakini inaeleweka.

Nilitumia uzito wa protoni. Nyotamkia inatoa maji! Ioni ya maji ni nzito mara 18. Duara halina nusu kipenyo cha km 830, lina km 15,000.

Kiini cha 67P kina kama km 4. Rosetta akiwa na tundu lake alikuwa umbali wa mamia ya kilomita. Septemba na Oktoba 2015 walimpeleka mpaka km 1,500 upande wa Jua kutafuta wimbi la mshtuko, ile sehemu upepo unaposhtuka na kupunguza mwendo, hawakulikuta kama lile la Halley lililo zaidi ya km milioni moja mbele ya kiini. Na ioni iliyozaliwa hapo ili imalize mzunguko mmoja inahitaji nafasi ya km 30,000. Inaanza kukunja kona na nyumba imeshaisha. Kwa hiyo upande mmoja ioni za maji zinakwenda kwingine, upepo wa Jua unapindwa kwingine kulipa ule mwendo, na mazingira yote yanakuwa yamepinda upande. Huwezi kuiita magnetosfia ndogo, ni kitu kingine.

Nikaenda kufanya hesabu ile ile kwa Io. Uga pale kama nT 2,000, plazma inayozunguka na Mshtarii inampita Io kwa km 57 kwa sekunde, ioni ya salfa ni nzito mara 32. Km 9 na nusu. Kumi, tuseme.

Hapa ndo nikaona nimekuwa naangalia namba isiyo yenyewe toka Februari. Angalia kiasi cha mzigo: Io kama tani moja kwa sekunde. 67P alipokuwa karibu na Jua naye alimwaga gesi inayokaribia kiwango hicho hicho. Bomba mbili za upana mmoja! Moja imefunguliwa ndani ya Mshtarii, ioni zake zinazunguka viduara vya km 10 ndani ya ufalme wa mamilioni ya kilomita, haziwezi kutoroka haraka, zinajaa, zinatanuka, zinasukuma mpaka kutoka NK 42 kwenda 63 au 92. Nyingine imefunguliwa wazi kwenye upepo na ioni zake zinatoka na duara kubwa kuliko mazingira yenyewe, haziwahi hata kujua zilikuwa kwa nani. Halley yuko katikati, alikuwa anamwaga kama tani 20 kwa sekunde Giotto alipopita, mazingira yake yakafika milioni ya kilomita, duara la km 15,000 likaonekana dogo ndani yake, na ndo maana Halley anafanana na sayari kwenye grafu zangu wakati 67P anakataa.

Nguvu ya uga peke yake haikuwa swali. Swali ni duara la ioni ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na nyumba. Rafiki yangu nimemwandikia kumwambia nilimdanganya, kajibu kwa emoji.

14 Juni: sauti, na nilichosikia siyo nyotamkia

Mchepuko, ila watu wameuliza. Agosti 2014 Rosetta alipima mawimbi ya polepole kwenye uga wa 67P, milihezi 40 mpaka 50, na ESA wakayaharakisha kama mara 10,000 ili sikio lisikie. Nimejaribu mwenyewe. Data za kipimo kimoja kwa sekunde ukizicheza vipimo 10,000 kwa sekunde, siku nzima ya nyotamkia inaisha kwa sekunde 8.64 na wimbi la milihezi 40 linakuwa sauti ya hezi 400.

Jaribio la kwanza nilitumia data za mara 20 kwa sekunde nikidhani zaidi ni bora, na nikasikia mluzi safi uliosimama, nikamwita kila mtu aliyekuwa karibu aje asikie. Ule mluzi ulikuwa magurudumu ya kusawazisha chombo. Yanazunguka kwa kasi maalum na yanaacha alama kwenye magnetometa, unayajua kwa sababu hayatetereki, na kasi ya magurudumu ikibadilishwa yanaruka. Jaribio la pili lilikuwa na tak tak tak, hizo ni nafasi nilizojaza sifuri. Nikaunganisha nafasi fupi kwa mstari na ndefu nikazikata. Jaribio la tatu ndo lenyewe, siyo mluzi, ni kitu kama matone yanayogombana kwenye ndoo tupu, kinapanda na kushuka bila mpango. Kwa kulinganisha mluzi wa magurudumu ulikuwa mzuri zaidi masikioni, ukweli usemwe.

28 Juni: ukurasa wa mwisho

Grafu kuu imekamilika. Mhimili wa uga umenipa shida ya kijinga dakika za mwisho, Juno alisoma gauss 7.766 karibu na mawingu ya Mshtarii, hiyo ni nT 776,600, na ndani ya tundu la 67P ni sifuri, na mhimili wa logi (unaopanda kwa mara kumi kumi) haujui sifuri ni nini. Nimetumia mhimili ambao karibu na sifuri ni wa kawaida na baada ya nT 1 unakuwa wa logi, na nimechora mstari mnene pale unapobadilika ili mtu asidanganyike.

Jumla ya gharama: miezi mitano ya jioni na wikendi, GB 11 zilizobaki kwenye diski baada ya kufuta zile 70, na karibu theluthi ya muda wote imekwenda kwenye saa na mihimili, sio kwenye fizikia. Programu nimeiacha na makosa yake ya zamani yakiwa kwenye historia ya mabadiliko, ukiyataka yapo.

Kona ya chini kulia nilitaka kuweka maduara mawili kwa skeli moja, la ioni ya Io na la ioni ya 67P, yakae pembeni ya kila mwenzake. Picha ina upana wa pikseli 1,500. Nikalifanya la 67P lijaze picha nzima, km 30,000 toka ukingo mpaka ukingo, ina maana kila pikseli ni km 20. Nikachora la Io. Limetoka pikseli moja. Nilidhani halijachorwa, nikaongeza ukubwa wa skrini mpaka mwisho na kulikuta, kijimraba kimoja cha rangi ya chungwa, na kiini cha 67P chenyewe, kinachomiliki duara lote lile, hakijafika hata robo ya hiyo pikseli.